Shina na Viambishi: Leseni za Programu Huria, Programu-jalizi na Kiswahili cha Bukavu

Utangulizi

Mwandishi wa Bukavu anayeandika batoto, katoto au lopitali katika kompyuta yenye kikagua tahajia cha Kiswahili huona maneno hayo yakipigiwa mstari mwekundu. Kwa kanuni ilizopewa, kompyuta haikukosea. Kanuni hizo zimejengwa juu ya Kiswahili Sanifu, ambamo hutarajiwa watoto, kitoto na hospitali. Tiba yake inajulikana: ni kuandaa orodha ya maneno na kanuni za uambishaji wa Kiswahili kinachosemwa mashariki ya Kongo, kisha kuipachika katika programu iliyopo. Kazi hiyo haihitaji kiwanda wala mtaji mkubwa. Huhitaji wanaisimu, wanafunzi wenye subira na kompyuta chache.

Hata hivyo, kabla ya neno la kwanza kuingizwa kuna swali ambalo aghalabu huachwa hadi kazi imekwisha, nalo ni hili: kitakachopachikwa kitakuwa cha nani, na ni nani atakayeruhusiwa kukinakili, kukisahihisha na kukigawa? Swali hilo hujibiwa na hati fupi iitwayo leseni. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi leseni za programu huria zinavyofanya kazi pale ambapo programu moja imeundwa kwa vipande vingi vilivyoandikwa na watu mbalimbali, na kuonyesha maana ya jambo hilo kwa kazi za lugha zinazoweza kufanyiwa Bukavu. Hoja inayotetewa ni kwamba uhai wa kazi ya namna hii hutegemea leseni sawa na unavyotegemea elimu ya waliyoiandaa, na kwamba leseni hiyo yafaa ichaguliwe mwanzoni.

Istilahi na mfano wa kiisimu

Programu huria ni programu ambayo msimbo wake wa asili, yaani maandishi ya maagizo kama yalivyoandikwa na binadamu, hutolewa pamoja na ruhusa ya kuitumia kwa shughuli yoyote, kuichunguza, kuirekebisha na kuigawa. Ruhusa hiyo isichanganywe na kutolipisha. Programu huweza kupatikana bure na bado mtumiaji akakatazwa kuigusa. Vilevile programu huria huweza kuuzwa.

Programu nyingi za siku hizi hazijengwi kwa kipande kimoja. Kuna sehemu ya msingi, ambayo makala haya yanaiita shina, na kuna vipande vinavyoongezwa baadaye ili shina lifanye jambo ambalo peke yake halikuweza. Vipande hivyo huitwa programu-jalizi. Mara nyingi mwandishi wa programu-jalizi hana uhusiano wowote na waandishi wa shina, na huenda hawajapata kuonana.

Msomaji wa isimu ya Kiswahili ana mfano wa karibu wa kulielewa jambo hili. Katika neno hawatatupiga, vipande ha-, wa-, ta- na tu- vimeshikamana na mzizi -pig-, na kila kimoja hupata kazi yake kutokana na mshikamano huo. Hapo kuna neno moja. Katika kirai mtoto mzuri, kwa upande mwingine, kuna maneno mawili yanayopatana kwa upatanisho wa ngeli; kila moja lina mipaka yake ingawa yanaelewana. Kati ya hali hizo mbili kuna maumbo kama babake na mwenzangu, ambamo maneno mawili yamekaribiana hata yakaungana, na wanaisimu huweza kubishana kama ni neno moja au mawili.

Ubishi wa wanasheria juu ya programu-jalizi una sura iyo hiyo. Je, shina na kiambishi chake ni kazi moja, au ni kazi mbili zinazopatana? Jibu likiwa ni kazi moja, leseni ya shina huenda ikatawala na kiambishi pia. Jibu likiwa ni kazi mbili, kila mwandishi hubaki na uhuru wa kuchagua masharti yake.

Msingi wa kisheria

Leseni haina nguvu yenyewe. Nguvu yake hutokana na hakimiliki. Nchini Kongo hakimiliki hutawaliwa na Ordinansi-Sheria Na. 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, iliyotungwa wakati nchi ikiitwa Zaire. Nchi hiyo pia ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, na tangu 1997 ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani. Mkataba wa shirika hilo unaohusu mali za kiakili unaagiza, katika kifungu cha 10, kwamba programu za kompyuta zilindwe kama kazi za maandishi, na kwamba mikusanyo ya data ilindwe pale ambapo uteuzi au mpangilio wake umetokana na ubunifu.

Mambo mawili hufuata. La kwanza ni kwamba neno lenyewe si mali ya mtu. Hakuna awezaye kumiliki neno batoto. Linalolindwa ni uteuzi, mpangilio na fasili za mkusanyaji. Kwa hiyo mtu anayekusanya maneno kutoka vinywani mwa wasemaji yuko huru, lakini anayenakili vidahizo na fasili kutoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 anabeba pamoja navyo haki za wenyewe. Kamusi ya Charles Sacleux, aliyefariki mwaka 1943, ni jambo tofauti: hata kwa kipimo kirefu cha miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi, muda wa ulinzi wake umekwisha.

La pili husahauliwa zaidi. Hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi bila kuandikishwa. Kwa hiyo kazi iliyotolewa hadharani bila leseni yoyote haiwi ya wote, huwa imefungwa. Anayeikuta hana ruhusa ya kuinakili wala kuiendeleza mpaka ampate mwenyewe na kumwomba. Wanafunzi kumi wakikusanya maneno elfu kadhaa, wakayaweka katika kompyuta ya kitivo bila kuandika masharti, kisha wakahitimu na kutawanyika Goma, Uvira, Kinshasa na ng'ambo, anayetaka kuiendeleza kazi yao atalazimika kuwatafuta wote kumi. Asipowapata, kazi hulala.

Aina tatu za leseni

Leseni za programu huria ni nyingi, lakini kwa madhumuni ya makala haya zinaweza kuwekwa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la leseni za ruhusa pana. Humo mna leseni za BSD na MIT, pamoja na leseni ya Apache, ambayo toleo lake la pili lilitolewa mwaka 2004. Leseni hizi humtaka mtumiaji ahifadhi majina ya waandishi na tangazo la kutokuwapo kwa dhamana, na hazidai mengi zaidi ya hayo. Mtu huweza kuchukua kazi hiyo, akaibadilisha, na kuiuza ikiwa imefungwa.

Kundi la pili ni la leseni za kurithisha. Mashuhuri kati yake ni leseni ya GNU, iitwayo GPL, iliyoasisiwa na Richard Stallman na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Toleo la pili lilifuata mwaka 1991 na la tatu mwaka 2007. Leseni hii humruhusu kila mtu kuibadilisha kazi, ila anapoigawa kwa wengine lazima aigawe pamoja na msimbo wa asili na kwa leseni ile ile. Uhuru alioupokea lazima aurithishe. Ni muhimu kuona kwamba wajibu huo huanza pale mtu anapoigawa kazi. Hospitali inayobadilisha programu kwa matumizi yake ya ndani hailazimiki kumpa yeyote mabadiliko hayo.

Kundi la tatu liko katikati. Leseni ya LGPL hudai urithishaji kwa maktaba ya msimbo yenyewe, lakini huziruhusu programu nyingine kuitumia maktaba hiyo na kubaki na masharti yake. Leseni ya Mozilla, iitwayo MPL, ambayo toleo lake la pili ni la mwaka 2012, hufuata mpaka ulio rahisi kuuona: faili. Aliyebadilisha faili iliyo chini ya MPL hutakiwa kuitoa faili hiyo kwa masharti yale yale. Aliyeandika faili mpya kabisa huchagua mwenyewe.

Mahali pa kuunganishia

Ugumu huanza pale shina linapokuwa chini ya GPL na programu-jalizi imeandikwa na mtu wa nje. Shirika la Programu Huria la Marekani, linalosimamia leseni hiyo, hutoa kipimo kinachofanana na kile cha mwanaisimu. Iwapo shina huianzisha programu-jalizi kama programu inayojitegemea na kupokea matokeo tu, hizo ni programu mbili. Iwapo vipande hivyo hupakiwa pamoja katika kumbukumbu ya kompyuta, huitana na hushirikiana katika miundo ya data ya ndani, shirika hilo huviona kuwa ni kazi moja. Kati ya ncha hizo mna maumbo ya aina ya babake. Ieleweke kwamba hayo ni maoni ya shirika, yenye uzito lakini yasiyo hukumu ya mahakama.

Mfano unaojulikana ni wa WordPress, programu ya kuendeshea tovuti iliyo chini ya GPL. Mwaka 2010 ulizuka mgogoro kati ya kiongozi wa WordPress, Matt Mullenweg, na Chris Pearson, muuzaji wa kipambo cha tovuti kiitwacho Thesis, ambacho hakikuwa chini ya GPL. Mwezi Julai mwaka huo muuzaji alikubali kuziweka chini ya GPL sehemu za msimbo zilizoshikamana na shina, huku picha na maagizo ya mwonekano yakibaki na masharti yake. Shauri halikufika mahakamani, lakini lilifundisha kwamba ndani ya programu-jalizi moja vipande mbalimbali huweza kuwa na leseni mbalimbali.

Linux, shina la mfumo wa kompyuta lililoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hufuata njia nyingine. Limeambatanishwa na maelezo kwamba programu za kawaida zinazoomba huduma zake kwa njia iliyowekwa hazihesabiwi kuwa sehemu yake. Moduli zinazopakiwa ndani yake, hata hivyo, hutakiwa kutaja leseni zao, na baadhi ya kazi za ndani zimefunguliwa kwa moduli zenye leseni inayopatana na GPL peke yake. Hapo upatanisho wa leseni hukaguliwa na mashine, kama sarufi inavyokagua upatanisho wa ngeli.

Katika eneo la Maziwa Makuu suala hili limejitokeza zaidi katika afya. Programu ya OpenMRS ya kutunzia kumbukumbu za wagonjwa, iliyoanza kubuniwa mwaka 2004, ilianza kutumika Eldoret nchini Kenya mwaka 2006, na mwaka huo huo ikafika Rwinkwavu nchini Rwanda. Tangu awali ilijengwa kama shina linalopokea moduli, kwa sababu hakuna hospitali mbili zinazotumia fomu zile zile. Leseni yake sasa ni MPL toleo la pili, ikiwa na nyongeza inayoonya kwamba programu haichukui nafasi ya uamuzi wa tabibu. Kwa hiyo hospitali inayoandika moduli yake katika faili zake yenyewe huamua yenyewe kuifungua au kuifunga. DHIS2, programu ya takwimu za afya inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya za nchi nyingi, ikiwamo Kongo, imechagua leseni ya BSD. Mtu wa Bukavu anaweza kuiandikia kijalizi cha kukusanyia taarifa za vituo vya afya, akakigawa bure au kukiuza, bila kuvunja sharti lolote la shina.

Kikagua tahajia kama programu-jalizi

Kwa kazi za lugha, shina linalohusika mara nyingi ni Hunspell. Programu hiyo iliandikwa na László Németh wa Hungaria, kwa sababu lugha ya nchi hiyo, kama Kiswahili, huunda maneno kwa viambishi vingi na hivyo haiwezi kukaguliwa kwa orodha ya maneno matupu. Hunspell hutumiwa ndani ya LibreOffice, Firefox na programu nyinginezo. Waandishi wake waliitoa chini ya leseni tatu kwa pamoja, yaani GPL, LGPL na MPL, ili kila shina kubwa liweze kuipokea kwa ile inayolifaa.

Kila lugha huletwa kwa Hunspell kwa faili mbili. Ya kwanza ni orodha ya mashina ya maneno, kila shina likiwa na alama ya kundi lake. Ya pili ni faili ya kanuni, inayoeleza ni viambishi gani vinavyoweza kupachikwa katika kila kundi. Kwa Kiswahili faili hii ya pili ndiyo ngumu zaidi. Hunspell hukubali ngazi chache tu za viambishi awali, ilhali kitenzi cha Kiswahili hupanga nafsi, njeo na mtendwa mbele ya mzizi. Mwandaaji hulazimika kuviunganisha viambishi hivyo mapema na kuvipa Hunspell kama kipande kimoja. Kazi hiyo ni ya sarufi hasa, na ubunifu wake ni mkubwa kuliko wa orodha.

Kikagua tahajia cha Kiswahili kilichosambazwa pamoja na OpenOffice, na baadaye LibreOffice, kiliandaliwa na mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, na kutolewa chini ya LGPL. Wakati huo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden, kiliendesha mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice yenye menyu za Kiswahili, mwezi Desemba 2004. Kazi zote mbili ziliwezekana kwa sababu leseni ya shina ilimruhusu mtu wa Njoro au wa Dar es Salaam kulipachika tawi lake bila kuomba kibali cha kampuni. Mwaka 2010 sehemu kubwa ya waendelezaji wa OpenOffice walijitenga na kuanzisha LibreOffice, na Kiswahili kikahama pamoja nao. Ruhusa ya kuhama ilikuwa imekwisha kuandikwa ndani ya leseni.

Mtu wa Bukavu ana njia mbili. Ya kwanza ni kuichukua kazi ya Njoro na kuiongezea maumbo ya Kongo: kiambishi ba- badala ya wa-, jozi ya ka- na tu- kwa udogo (katoto, tutoto), na maneno yaliyopokewa kutoka Kifaransa. Njia hii huokoa muda, lakini kazi inayozaliwa ni tawi la kazi ya awali, na lazima ibaki chini ya LGPL, au GPL kama LGPL yenyewe inavyoruhusu. Njia ya pili ni kuanza upya kwa kukusanya maneno kutoka kwa wasemaji wa Ibanda, Kadutu na Bagira. Njia hii ni ndefu, lakini mwandaaji huchagua leseni aitakayo. Ikumbukwe kwamba katika orodha za kimataifa za misimbo ya lugha Kiswahili cha Kongo tayari kina msimbo wake, swc, kando ya swh cha Kiswahili cha pwani. Kiti kimewekwa, na anayekuja kukikalia hahitaji kumwondoa mwingine.

Je, leseni ya orodha ya maneno huambukizwa na ile ya shina? LibreOffice husambazwa pamoja na vikagua tahajia vya lugha nyingi vyenye leseni tofauti, baadhi vikiwa vya GPL. Msingi wake ni kwamba orodha husomwa na programu kama data, na kwamba kuwekwa pamoja katika furushi moja ni ukusanyaji tu, usiozifanya kazi hizo kuwa moja. Uhusiano huo ni wa mtoto mzuri: upatanisho bila muungano.

Hoja ya upinzani

Kuna wanaouliza kwa haki kwa nini jamii iliyonyonywa madini yake itoe na maneno yake bure. Orodha iliyo wazi huweza kuchukuliwa na kampuni kubwa ya ng'ambo, ikatumiwa kufunzia mashine, na faida isirudi kamwe Bukavu. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, unaokusanya sauti za lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, hutumia tamko la CC0, ambalo haliachi sharti lolote, hata la kutaja chanzo.

Kutokana na hofu hiyo wanasheria wa Chuo Kikuu cha Pretoria wametunga leseni iitwayo Nwulite Obodo, inayotofautisha watumiaji wa nchi zinazoendelea na wale wa nchi tajiri. Nia yake ni njema, ila ina gharama. Kwa fasili ya uhuria iliyotolewa mwaka 1998, leseni inayobagua watu au shughuli haihesabiwi kuwa huria, na miradi mingi ya programu huria haipokei kazi isiyotimiza fasili hiyo. Kikagua tahajia kilicholindwa kwa njia hiyo kinaweza kubaki nje ya LibreOffice na Firefox, yaani nje ya mahali ambapo mwalimu wa Bukavu angekikuta. Leseni ya kurithisha hutoa njia ya kati: kila mtu huruhusiwa, lakini anayeigawa kazi iliyoboreshwa hulazimika kuutoa na uboreshaji wake. Uamuzi ni wa waandaaji, mradi waufanye wakijua kinachopatikana na kinachopotea.

Je, leseni hutetewa mahakamani?

Wengine husema kwamba masharti haya ni maneno matupu. Mahakama hazikukubali. Mwaka 2004 mahakama ya Munich nchini Ujerumani iliitambua GPL. Mwaka 2008 mahakama ya rufani ya shirikisho nchini Marekani, katika shauri la Jacobsen dhidi ya Katzer, iliamua kwamba kuvunja masharti ya leseni huria huweza kuwa uvunjaji wa hakimiliki.

Kwa wanasheria wa Kongo, waliosomea sheria yenye asili ya Ubelgiji na Ufaransa, shauri la karibu zaidi ni la Entr'Ouvert dhidi ya Orange. Kampuni ndogo ya Entr'Ouvert iliandika maktaba iitwayo Lasso na kuitoa chini ya GPL toleo la pili. Orange iliipachika katika mfumo iliouuzia serikali ya Ufaransa bila kutimiza masharti. Shauri lilifunguliwa mwaka 2011. Mahakama za chini zilisema ni suala la mkataba tu. Mahakama ya Kasasheni ikatengua uamuzi huo mwaka 2022. Na tarehe 14 Februari 2024 Mahakama ya Rufani ya Paris iliamua kwamba hakimiliki ilivunjwa, na ikaamuru fidia ya zaidi ya yuro 500,000. Kiini cha shauri kilikuwa kile kile cha makala haya: kipande cha mtu mmoja kilichopachikwa ndani ya kazi ya mwingine.

Lugha ya leseni nayo ni tatizo. Nakala ya GPL yenye nguvu ni ya Kiingereza peke yake, na tafsiri zake ni za maelezo tu. Ufaransa ilitunga leseni ya CeCILL mwaka 2004, yenye matini ya Kifaransa iliyo halali sawa na ya Kiingereza na inayopatana na GPL. Kwa chuo cha Kongo, ambako Kifaransa ndiyo lugha rasmi na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa kwa Katiba ya 2006, CeCILL ina manufaa ya kueleweka na hakimu bila mkalimani. Maelezo ya Kiswahili yatungwe hata hivyo, kwa sababu anayetoa maneno yake ana haki ya kuelewa anachokitia sahihi.

Mambo ya kutimizwa

Kutokana na maelezo haya, mambo matano yanajitokeza kwa kikundi chochote kitakachoianza kazi ya namna hii. Kwanza, leseni ichaguliwe kabla ya kukusanya, baada ya kuisoma leseni ya shina. Pili, kila mchangiaji atie sahihi karatasi fupi ya kukubali kazi yake itolewe kwa leseni hiyo, na uongozi wa chuo uandike kwamba haudai vinginevyo. Tatu, kila neno liwe na chanzo kinachojulikana, ili kamusi yenye haki za mwingine isiingie kwa mlango wa nyuma. Nne, leseni iandikwe katika faili yake na kuwekwa ndani ya furushi, pamoja na majina na mwaka. Tano, nakala ziwekwe mahali zaidi ya pamoja, na mojawapo iwe nje ya mji.

Sharti la mwisho lina uzito wake Bukavu. Katikati ya Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia mjini, na mabenki yakafunga milango. Katika hali kama hiyo leseni inayolipiwa kila mwaka kwa njia ya benki hufikia kikomo bila kosa la mtumiaji, na programu huweza kujifunga. Leseni huria haina tarehe ya malipo. Maadamu masharti yake yanatimizwa, ruhusa hubaki, na nakala iliyoko Dar es Salaam au Oslo huweza kuendelezwa hata kama kompyuta ya kwanza imeporwa.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba uhusiano wa shina na programu-jalizi huweza kuwa wa neno moja, wa maneno mawili, au wa umbo la kati, na kwamba leseni za ruhusa pana, za kurithisha na za kati hulitazama jambo hilo kila moja kwa jicho lake. Orodha ya maneno na kanuni za Kiswahili cha Kongo ina nafasi nzuri, kwa kuwa hupatana na shina bila kumezwa nalo. Leseni hata hivyo haimpati mtu wa kuisahihisha kazi. Programu nyingi zenye leseni njema zimekauka kwa kukosa wa kuzipalilia. Linalofanywa na leseni ni kuuacha mlango wazi, ili siku atakapotokea mwanafunzi mwenye ari, awe wa Bukavu au wa Kalemie, aikute kazi ya waliomtangulia na aanzie pale walipoishia.